Siku Tuliyolikata Gari

Nilitoa turubai kwa sababu ya maharage. Mvua zilikuwa zimekatika, maharage ya shamba letu la Singe yalikuwa yamepurwa lakini bado yana unyevu, na hapa nyumbani Bagara, mjini Babati, turubai kubwa lilikuwa moja tu, lile lililofunika gari la marehemu mume wangu nyuma ya jiko. Nikafungua kamba, nikalivuta. Likaja na harufu ya maji yaliyokaa muda mrefu. Kwenye ubavu wa gari, chini ya mlango wa nyuma, rangi ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge. Nikabonyeza lengelenge moja kwa kidole, nikitaka tu kuona kama rangi itabanduka. Kidole kikapita hadi ndani.

Sikukitoa mara moja. Nilibaki nimechuchumaa, kidole kimezama kwenye bati, nikisikia punje za kutu zikianguka mahali nisipopaona. Miaka yote hiyo niliamini kwamba kulifunika ndiko kulitunza. Kumbe turubai lilikuwa likifuga unyevu chini yake, masika hadi masika, na gari lilikuwa likiliwa polepole huku mimi nikipita pembeni yake kila asubuhi kwenda kuwapa kuku chakula.

Ni gari la Kifaransa la zamani, lile refu lenye safu tatu za viti, ambalo watu wa rika langu wanalikumbuka likibeba abiria barabara ya Arusha. Mume wangu alikuwa bwana shamba. Alilinunua likiwa tayari limechoka, kwa kuwa tulikuwa na watoto wanne na mama yake mzazi, na hakutaka safari ambayo mtu mmoja anaachwa nyumbani. Mbele tulikaa yeye na mimi. Katikati alikaa bibi na wadogo wawili. Nyuma kabisa walikaa wakubwa, magoti yamegusa kidevu, pamoja na madumu na kuku waliofungwa miguu. Sikukuu tulikwenda Dareda kwa wazazi wangu, na njia nzima watu walikuwa wakigombana na kuimba ndani ya gari lile, mpaka nikawa natamani kimya.

Kimya kilikuja chenyewe. Watoto waliondoka mmoja mmoja, kwa heri, kwa masomo na kazi na ndoa. Bibi akafariki. Kisha mume wangu, kwa ugonjwa ambao haukutupa nafasi ya kuzoea. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kibarazani. Wateja huja, wakapimwa, wakaondoka. Kuna siku nilikuwa nafika saa ya kulala na kugundua kwamba maneno niliyosema mchana kutwa yalikuwa ni vipimo vya viuno na mabega ya watu.

Wiki ile ile niliyotoa turubai, mnunuzi wa chuma chakavu alipita na mkokoteni wake, akaliona gari kwa juu ya ua.

“Shikamoo, mama. Hilo gari unalitoa?”

“Marahaba. Silitoi.”

“Hilo si gari tena, mama. Hilo ni chuma.”

“Ni gari,” nikasema, nikaingia ndani kama mtu mwenye kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote.

Jioni nikawapigia watoto simu. Wa kwanza akasema, “Mama, uza tu. Linakuzibia uwanja bure.” Wa pili akasema nifanye ninavyoona. Wa tatu alikuwa kazini, akaahidi kunipigia, na alipopiga siku nyingine alikuwa na habari tofauti kabisa. Wa mwisho alicheka. “Kwani lile gari bado lipo?” Hakuna aliyekuwa na neno baya. Lakini nilikuwa nimengoja mmoja wao aseme hapana, mama, usiliuze. Nadhani angesema hivyo ningeliuza kwa moyo mweupe, kwa maana ningejua kuna mwingine analikumbuka. Hakuna aliyesema. Nikajiona nimebaki peke yangu nimelishika, na asubuhi yake nikaenda kutafuta fundi wa bodi.

Niliyempata alikuwa na gereji upande wa barabara ya Singida, banda la mabati na uwanja wenye udongo mweusi wa oili. Alikuwa mwenyeji wa Tanga, mtu wa makamo yangu, ndevu zimeshakuwa nyeupe. Alifika Babati zamani akiwa fundi wa mabasi, akabaki. Alikuja nyumbani na nyundo ndogo na bisibisi, akapiga hodi, akakataa kiti, akaanza kulizunguka gari akiligonga taratibu. Kwenye boneti na milango ya mbele nyundo ilitoa mlio mkavu. Kuanzia katikati kwenda nyuma mlio ulikufa.

“Wasikia, mama?”

“Nasikia.”

Akaingiza bisibisi juu ya gurudumu la nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Akalala chali, akatazama chini, akatoka na vumbi jekundu kwenye nyusi.

“Mbele gari ni zima,” akasema. “Madigadi yana matundu madogo, hayo naziba. Huku nyuma hakuna kitu. Sakafu imekwisha, matao ya magurudumu yamekwisha, paa limeoza kwenye mifereji ya maji. Nikiweka moto hapa, bati halishiki, linatoboka. Ningepata bodi ya gari jingine kama hili ningekata kipande na kuhamishia hapa, lakini sijaliona jingine mji huu siku nyingi.”

“Kwa hiyo?”

Akajifuta mikono. “Kwa hiyo nikate. Kuanzia nyuma ya viti vya mbele. Nifunge ukuta pale, nitengeneze pikapu. Shamba unalo?”

“Ninalo Singe.”

“Basi itakufaa. Lakini itakuwa gari ya watu wawili.”

Alisema kwa upole, akitazama pembeni. Nikamwambia aniache nifikirie. Siku zilizofuata nilishona na kufumua. Nilikuwa natoka nje, nafungua mlango wa nyuma, nakaa safu ya katikati mahali pa bibi, halafu narudi kwenye cherehani. Kilichoniamua ni jambo dogo. Nilikuwa nimekaa pale nikajaribu kukumbuka ni mtoto yupi alikuwa anakaa dirisha la kulia na yupi la kushoto, nikashindwa. Nikafikiri, ikiwa hata mimi nasahau huku nimekaa humo humo, basi viti hivi havinisaidii kitu. Nikampigia fundi aje alivute.

Viti viling'olewa kwanza. Nilikuwa nimefunga cherehani nikaenda gereji kuangalia, nikapewa kigoda chini ya kivuli cha banda. Chini ya viti kulikuwa na maharage yaliyokauka, vifungo, soksi moja ya mtoto. Nilivitazama bila kulia; vitu vya namna hiyo nilikuwa nimevitarajia. Ambacho sikukitarajia kilikuwa chini ya zulia. Fundi alilikunja zulia, akaniita.

“Mama, njoo uone.”

Sakafu ilikuwa imejaa viraka. Vilikuwa vya madebe ya mafuta ya kula yaliyopasuliwa na kupigwa yakalala, vimebandikwa kwa lami na kukazwa kwa skrubu. Kimoja bado kilionyesha nusu ya picha ya alizeti. Vilikuwa vingi, kimoja juu ya kingine, vingine vizee na vingine vya karibu karibu.

“Nani alifanya hivi?” fundi akauliza.

Nilijua papo hapo. Jumamosi, miaka na miaka, mume wangu alikuwa akilala chini ya gari. Nikimuuliza anafanya nini alikuwa ananijibu, “Naangalia tu huku chini.” Nikamletea chai, akaipokea kwa mkono uliotokeza chini ya mlango, na mimi nikarudi zangu ndani. Nilidhani ni mapumziko yake, kama wanaume wengine wanavyokaa kwenye bao. Kumbe alikuwa anapigana na kutu, na anashindwa, na hakutaka tujue kwamba gari alilotubebea lilikuwa likifunguka chini ya miguu yetu.

“Lami hii ndiyo ilifunga maji ndani,” fundi akasema. Halafu akaniangalia, nadhani akaona uso wangu, akaongeza haraka, “Lakini sakafu isingefika hata hapo bila yeye. Kila kiraka kilimpa miaka.”

Nilirudi kwenye kigoda. Nilijiona mpweke siku ile kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa nimempoteza mtu niliyemjua. Sasa nilikuwa naona kwamba kulikuwa na upande wake mwingine, upande uliokuwa chini kule, na hofu yake, na hakuna aliyewahi kukaa naye huko. Wala siwezi tena kumuuliza.

Kabla ya kukata, fundi alichomelea mabomba ya pembe nne kutoka mlango hadi mlango, na mengine chini ya sakafu kwa urefu wote. Alinieleza kwamba bodi ya gari la namna hii ndiyo uti wake wa mgongo. Ukikata paa bila kuifunga kwanza, gari linalegea katikati na milango ya mbele haifungi tena. Siku ya kukata aliniuliza kama nataka kwenda sokoni kwanza nirudi kazi ikiwa imekwisha.

“Nitakaa,” nikasema.

Akavaa miwani, akawasha grinda. Sauti yake iliingia kwenye meno. Cheche ziliruka zikafa kwenye udongo, na harufu ya rangi iliyoungua ikajaa uwanja mzima. Alikata nguzo moja, akazunguka, akakata ya pili, akapanda juu akalipasua paa kutoka upande hadi upande. Mafundi wa gereji jirani wakaja kusaidia kunyanyua. Nusu ya nyuma ilitoka kirahisi kuliko nilivyofikiri. Wakailaza ubavu uwanjani, na upepo ukapita katikati yake. Ilikuwa ndogo. Nilishangaa sana jinsi ilivyokuwa ndogo. Nilijiuliza tulikuwa tunaeneaje humo.

Kwenye kazi iliyofuata ndiko nilikopata nafasi ya kusaidia. Ukuta wa nyuma wa kibanda cha dereva ulikuwa na mikunjo mingi: uinuke na nguzo, uingie kidogo juu, ukumbatie kioo cha mlango wa nyuma ambacho fundi alitaka kukitumia kama dirisha. Alikuwa anapima kwa waya, anakata bati, linapungua, anakata jingine. Nikamtazama mpaka nikashindwa kuvumilia.

“Fundi, una boksi? Boksi lolote.”

Akanipa la katoni ya sabuni. Nikalifungua, nikaliegemeza kwenye nguzo, nikachora kwa chaki yangu ya kushonea, nikakata, nikajaribu, nikapunguza kwapani pale panapokunja, kama unavyokata bega la koti. Nikampa. Akalilaza juu ya bati, akalifuata kwa msumari. Kipande kikakaa. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Tangu hapo nikawa naenda kila mchana nikimaliza sare. Mimi nilikata maboksi, yeye alikata mabati. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya kwenye madigadi mpaka chuma kikang'aa, nikajifunza kupaka dawa ya kuzuia kutu kabla mvuke wa ziwa la hapa Babati haujakigusa. Yeye alichomelea nukta moja hapa, akaruka akaweka nyingine kule, ili bati lisipate joto likajikunja. Hatukuzungumza sana. Adhana ikilia alinawa akaenda msikitini, nami nikabaki na gari. Akirudi tulikunywa chai.

Siku moja akiwa ameshika kikombe aliniuliza, “Mama, jina lako nani?”

Nikataja jina la binti yangu wa kwanza, Mama fulani, kama ninavyoitwa na mtaa mzima.

“Hilo ni la mwanao. Lako.”

Nikamwambia. Akalirudia taratibu, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi. Tangu alipokufa mume wangu hakuna aliyekuwa amelitamka. Nilichukua brashi nikasugua mahali palipokuwa pameshang'aa. Yeye naye alinieleza kidogo: mkewe alirudi Tanga kumuuguza mama yake, mama akafa, mke hakurudi. Hawakugombana. Simu zilipungua tu.

Halafu yakaja maneno. Baada ya sala ya jumuiya, mwanamke mmoja tunayesali naye alinishika mkono pembeni, sauti yake tamu kabisa.

“Tunasikia siku hizi unashinda gereji.”

“Natengeneza gari.”

“Gari au fundi? Sisi tunakupenda ndiyo maana tunakuambia.”

Nilimjibu kwa adabu nikaenda nyumbani, na sikwenda gereji tena. Nilijiambia kwamba kazi ni ya fundi, ataimaliza bila maboksi yangu. Nilikaa kibarazani nikishona, na wale waliokuwa wananipenda hawakuja kunisalimia hata mmoja. Hilo ndilo lililonirudisha. Kama kukaa kwangu nyumbani kungeleta watu nyumbani, huenda ningekaa.

Nilipofika fundi hakuuliza nilikuwa wapi. Gari lilikuwa limeshapata sakafu na ubavu wa bodi ya nyuma. Lakini pembe moja ya juu, pale ukuta unapokutana na paa, ilikuwa bado wazi.

“Hiyo nilikungoja,” akasema. “Ina mkunjo mbaya.”

Haikuwa na mkunjo mbaya. Nilikata boksi lake mara moja tu.

Tulilipaka rangi ya udongo wa Singe, kwa sababu haionyeshi vumbi. Fundi wa injini wa gereji jirani akaliwasha, askari wa usalama barabarani wakalikagua, mabadiliko yakaandikishwa, na mimi, kwa umri huu, nikaenda kujifunza kuendesha pamoja na vijana wa bodaboda. Siku ya kulichukua tulisimama pande mbili za gari tukiligusa gusa bila sababu. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kufanya. Nikamshukuru. Akaniita kwa jina langu, akaniambia niwe naosha chini, hasa baada ya matope.

Baada ya mavuno nilipita gereji kumwonyesha jinsi bodi ilivyobeba magunia bila kulegea. Banda lilikuwa limefungwa. Fundi wa jirani aliniambia amekwenda Tanga, mkewe anaumwa. “Atarudi?” nikauliza. “Hakusema.” Nilipita tena mara nyingine, kisha nikaacha. Banda sasa linauza matairi.

Mwishoni mwa mwaka watoto wote walikuja, na wake na waume zao na wajukuu, ili tujengee kaburi la baba yao. Yupo shambani Singe, chini ya mteremko. Nyumba ilijaa, watu wakalala mpaka sebuleni. Binti yangu wa kwanza alilizunguka gari, akapiga ngumi bodi ya nyuma, akasema, “Limekuwa zuri, mama. Kama jipya.” Nilingoja aseme kitu kingine. Alikuwa ameshageuka kumwita mtoto.

Walikodi gari kubwa la abiria ili wakae pamoja. Saruji, mchanga na madumu ya maji vilipakiwa kwenye pikapu. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa na sufuria za chakula, maana ndani ya lile jingine zingemwagika.

“Tangulia, mama, sisi tunakufuata,” mwanangu wa tatu akasema.

Nikatangulia. Kwenye kioo niliona wamefungua madirisha, midomo inakwenda, wanaimba au wanabishana. Kwa umbali ule sikuweza kujua. Nilipunguza mwendo wasinipotee. Nao wakapunguza.

Tulijenga siku nzima, tukasali, tukala. Baada ya siku chache wakaondoka, mmoja na basi la Arusha, wengine la Dodoma, kwa kukumbatiana na kuahidi. Nilitoka stendi nikarudi nyumbani. Nikaona kwamba saruji ilikuwa imemwagika kwenye bodi, na umande ulikuwa umeanza kuigandisha kwenye pembe. Saruji ikishika inang'oa rangi. Nikachukua ndoo na brashi, nikapanda juu, nikaanza kuikwangua.